Mstari Uko Huku Juu

Chimala, Mbarali
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi

Mdogo wangu Gaudensi,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, na magoti hayakusumbui kama yalivyokusumbua wakati wa baridi. Wifi yangu anaendeleaje na kifua? Viazi vya bondeni vimepona, au ukungu umevichukua tena kama msimu uliopita? Mimi ni mzima kwa kipimo cha mtu wa umri wangu. Sukari inapanda na kushuka, kidonda cha kisigino kwenye mguu uliobaki kimefunga, na mpwa wako Upendo anakaribia kujifungua. Miezi minane imetimia. Anatembea kama bata, na ukimwambia hivyo anakasirika.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu Jumapili nilikukatia simu, na siombi radhi kwa hilo. Nilikuwa nakueleza yaliyonipata siku ya kupiga kura, hata nusu sijafika, ukanikatiza: "Lakini dada, si ungekubali tu wakubebe? Ni dakika moja." Nikabonyeza kitufe. Nilijua nikiendelea kuzungumza nitakutukana, na sijakutukana tangu siku ulipomwaga ulanzi wa wageni wa baba.

Angekuwa mtu mwingine ningemwacha. Wewe umesimamia kituo cha kupigia kura hapo kijijini kwetu chaguzi tatu, na utasimamia tena. Kwa hiyo vaa miwani, kaa chini, usome mpaka mwisho. Nitakueleza taratibu, kama nilivyokufundisha kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili, ulipokuwa unalia na mimi nasubiri unyamaze.

Nianze na nyumba hii, maana usipoielewa hutaielewa siku yenyewe. Nilipokatwa mguu wa kushoto, Upendo na mumewe walinichukua nikae nao. Huyu mkwe wetu Masanja ni Msukuma. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ng'ombe hawapo tena, sasa ni fundi wa mikokoteni. Adabu yetu ya ukwe unaijua, na kwao ni hiyohiyo: mama mkwe na mkwe hawagusani. Hatupeani mkono, hatukai mkeka mmoja, nikipita anageukia pembeni. Wengi siku hizi wameiacha adabu hiyo. Sisi wawili hatujaiacha, na hakuna aliyetulazimisha.

Sasa fikiria mwanamume anayekaa nyumba moja na mzee asiyeweza kutembea, na haruhusiwi kumshika hata mkono. Unafikiri alifanya nini? Wiki ya kwanza aling'oa kizingiti cha mlango wa mbele, akaweka mteremko wa mbao. Nikiwa nimelala mchana alikipima kiti changu kwa kamba, akaenda kuupanua mlango wa choo. Ndani ya choo alitengeneza kiti cha kukalia chenye mikono pande zote mbili. Meza ninayoandikia barua hii aliiongezea miguu ili magoti yangu yapite chini. Hayo yote aliyafanya bila kunisemesha uso kwa uso; alikuwa akimwuliza Upendo, Upendo ananiuliza, jibu linarudi njia ileile. Tangu nije hapa hakuna mahali katika nyumba hii nisipofika. Kwa sababu hakuruhusiwa kunibeba, ilibidi afikiri.

Lishike hilo, tuende mbele.

Diwani wetu alifariki, Mungu amrehemu, ukaitishwa uchaguzi mdogo wa kumpata mwingine. Wagombea walikuwa wawili. Wote walikuja hapa kuomba kura, na wote waliniahidi kwamba watu wenye ulemavu watakuwa wa kwanza katika mipango yao, huku macho yao yakiwa kwenye magurudumu. Kituo chetu siku zote ni shule ya msingi, lakini safari hii upepo ulikuwa umeezua paa la madarasa, likabandikwa tangazo kwamba kituo kimehamishiwa kwenye ghala la mpunga kando ya barabara kuu.

Wewe mtu wa milimani huyajui maghala ya huku. Sakafu yake inainuliwa makusudi mpaka usawa wa bodi ya lori, ili gunia litoke ghalani liingie kwenye gari bila kushushwa chini. Mbele ya mlango kuna jukwaa refu la kupakilia. Ukisimama chini, ukingo wa jukwaa hilo unakufika kifuani. Pembeni kuna ngazi tano nyembamba zisizo na mahali pa kushika, zimelika kwa miguu ya makuli. Kwa mpunga ni jengo zuri sana. Aliyelijenga alifikiri kila gunia litapita wapi.

Nilipoliona tangazo sikunung'unika. Niliandika barua kwa mtendaji wa kata, ukurasa mmoja, na chini yake nikachora mchoro. Nilimweleza kwamba kila unapotaka kiti kipande urefu wa hatua moja, kinahitaji kama hatua kumi na mbili za kwenda mbele, na nikaonyesha wapi mbao zingelala. Nikaipeleka mwenyewe, Upendo akinisukuma. Ofisi yake nayo ina ngazi, kwa hiyo alitoka nje kunipokea. Ana heshima, siwezi kumsingizia.

"Mwalimu, ondoa shaka," akaniambia. "Siku hiyo vijana watakuwepo."

"Vijana wa nini?"

"Wa kukubeba."

"Sikuomba kubebwa. Nimeomba mteremko."

Akacheka. "Mwalimu bwana! Si kitu kilekile?"

Unaona kwa nini Jumapili uliniuma. Ulikuwa wa pili kuniambia hivyo, na wewe ni wa tumbo moja na mimi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, kwa sababu nililionea aibu. Uchaguzi uliopita nilibebwa. Kituo kilikuwa na ngazi tatu tu. Vijana wanne walikishika kiti, kila mmoja akavuta kwake, na kwenye ngazi ya pili mmoja akateleza. Sikufika chini. Niliangukia kifua cha kijana nisiyemjua, khanga ikapanda, kigutu changu kikabaki wazi mbele ya watu ambao wengine niliwafundisha kusoma. Mmoja wao alikuwa ameinua simu anapiga picha. Wakaniinua, wakanifikisha kwenye kituturi, kile kiboksi kinachouficha mkono wako unapoweka alama, kisha hawakuondoka. Walisimama nyuma yangu wakisubiri kunirudisha. Nilipiga kura wanaume wanne wakinipumulia shingoni. Kesho yake nikienda mashineni kusaga, muuza sabuni akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Mwalimu! Kumbe na wewe ni mwenzetu wa chama!" Siri yangu ilikuwa imeshuka ngazi kabla yangu.

Hiyo ndiyo dakika moja unayoisema. Niliapa haitarudiwa.

Siku ya uchaguzi huu tuliondoka nyumbani saa mbili na nusu. Masanja alitangulia hatua kama kumi, Upendo akinisukuma, tumbo lake likigusa mgongo wa kiti. Saa tatu tulikuwa uwanjani. Mstari ulianzia chini, ukapanda zile ngazi, ukapita juu ya jukwaa mpaka mlangoni. Msimamizi wa kituo alikuwa kijana, mwalimu kama sisi, shati limenyooshwa, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Alituona kutoka juu akafurahi kweli.

"Wajawazito, wazee na wenye ulemavu hawapangi mstari!" akatangaza. "Mama wa kiti, wewe njoo moja kwa moja!"

"Nije kupitia wapi?"

Akatazama ngazi, akanitazama mimi. "Hapahapa, mama. We pita tu."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, na nadhani ndipo alipoziona zile ngazi kwa mara ya kwanza.

Upendo alipanda akishika ukuta, akapiga kura yake, akashuka. Mimi nikabaki chini. Makuli wa ghala walikuwepo, hawana kazi siku hiyo, wakaanza utani wao. "Mwalimu, njoo nikuweke begani," mmoja akaniambia. "Mimi nabeba gunia la kilo mia, wewe hata nusu yake hufiki." Mwenzake akadakia: "Mshone mdomo kwanza, asije akamwagika njiani!" Nilicheka, nakiri. Lakini nikawajibu kwamba leo sibebwi, nasubiri njia.

Msimamizi akaja ukingoni, akachuchumaa. "Mama, sheria inakuruhusu usaidiwe na mtu unayemwamini. Huna ndugu hapa?"

Nisimame kidogo nikueleze hapo, maana nina hakika na wewe unaitumia vibaya. Msaada huo umewekwa kwa ajili ya mtu asiyeona, au asiyeweza kushika kalamu, ili mtu aliyemchagua mwenyewe amsaidie kuweka alama. Mimi macho ninayo na mkono ninao. Nilichokosa ni sakafu. Yeye alikuwa anachukua msaada wa kalamu na kuuzibia ngazi.

Nikamwambia ndugu yangu ni binti huyu. Akaliona tumbo.

"Na yule bwana mliyekuja naye?"

"Ni mkwe wangu."

"Si ndiyo vizuri! Huyo ni mtoto wako kabisa. Akubebe yeye."

Gaudensi, watu wote walitugeukia. Masanja aligeuka akaitazama barabara kuu, kama mtu anayengoja lori lenye mzigo wake. Ndipo bibi mmoja wa Kisangu, aliyekuwa ngazi ya tatu na fimbo yake, akasema kwa sauti ambayo hata mlangoni waliisikia: "We kijana, umeoa? Mama mkwe wako ulishamkumbatia? Nenda kamkumbatie kwanza, halafu urudi utuambie kama mkeo bado yupo."

Watu walishika mbavu. Msimamizi alikigeuzageuza kitambulisho chake, akarudi ndani.

Masanja akamnong'oneza Upendo, akaondoka. Baada ya kama saa nzima tukamwona anarudi na rafiki zake wawili wanasukuma mkokoteni wa ng'ombe bila ng'ombe, na juu yake wamelaza mbao ndefu. Aliyoyafikiria ni haya: kitanda cha mkokoteni, pale unapokaa mzigo, kina kimo cha kati ya ardhi na jukwaa. Akiuegemeza kwenye jukwaa na kuyazuia magurudumu kwa mawe, mbao za kwanza zitatoka chini hadi mkokoteni, mbao za pili zitatoka mkokoteni hadi juu. Mteremko mkali mmoja ungekuwa miteremko miwili ya wastani, na wanawake wawili wa kwaya walishajitolea kunisukuma. Masanja aliishia darasa la nne. Kwa saa moja alikuwa amelimaliza swali ambalo ofisi ilikaa na mchoro wake wiki mbili.

Nilianza kumshukuru Mungu. Niliwahi mno.

Mkokoteni ule ulikuwa wa mteja, na mteja alikuwa ameagiza upakwe rangi anayoipenda. Rangi yenyewe ilikuwa ya chama kimojawapo. Masanja huiona rangi hiyo kila siku kwenye mabodi ya mikokoteni na haimwambii chochote. Lakini wakala wa chama cha pili alichungulia mlangoni akapiga kelele: "Msimamizi! Hiyo ni kampeni! Rangi za vyama haziruhusiwi kituoni!"

"Kampeni gani?" rafiki yake Masanja akamjibu. "Huu ni mkokoteni. Au tumlete na ng'ombe wake mmkague kadi?"

Wakala wa chama cha kwanza naye akatoka kuutetea mkokoteni, na hapo ndipo jambo likaharibika kabisa, kwa sababu sasa ulionekana kweli una chama. Askari akaja akasema chombo kikubwa kama hicho hakisogei karibu na kituo bila ruhusa. Msimamizi akafungua kitabu chake cha mwongozo. Alisoma kipengele cha rangi. Alitafuta kipengele cha mkokoteni, hakipo. Akapiga simu kwa wakubwa wake, wakamwambia asubiri.

Tukasubiri. Saa sita, saa saba, saa nane. Jua la Usangu si la huko kwetu Kilolo, mdogo wangu. Mtu akaniazima mwavuli. Tangu asubuhi sikuwa nimekunywa maji, maana choo cha ghala nacho kiko juu, na mzee mwenye kisukari asiyekunywa maji unajua anavyokuwa. Ulimi ulikauka, kichwa kikagonga. Watu walifika, wakapanda, wakashuka, vidole vina wino, wakanipa pole. Nilipokea pole nyingi siku ile kuliko siku ya msiba wa mama. Na kila baada ya muda msimamizi alikuja ukingoni kuniambia kitu kimoja: "Mama, lakini vijana wapo."

Saa tisa na nusu ruhusa ikaja. Mkokoteni unaweza kutumika ukifunikwa usionekane rangi. Lakini kwa kitu gani? Maturubai ya ghala yalifungiwa stoo na mwenye ufunguo hayupo. Mama mmoja jirani alikimbia kwake, akakusanya kwa mikono mpunga aliouanika, akaleta turubai lake likiwa bado na punje. Wakaufunika mkokoteni kama maiti. Wakausukuma mpaka kwenye jukwaa, wakaweka mawe, wakalaza mbao za chini. Masanja akapanda, akaanza kuzifunga mbao za juu kwa kamba ya katani.

Askari akatoka mlangoni, akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho juu ya jukwaa. "Saa kumi imetimia. Mstari umefungwa."

"Mimi nipo hapa tangu saa tatu," nikamwambia.

"Mama, mstari uko huku juu."

"Asubuhi mliniambia nisipange mstari."

Akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama saa yake, kisha karatasi zake, kisha akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayesoma: "Ni kweli, mama. Lakini saa kumi ilipofika hukuwa kwenye mstari."

Isome tena sentensi hiyo, Gaudensi. Ni sentensi yenu. Aliyefika kabla ya saa kumi na yuko kwenye mstari anapiga kura hata jua likizama. Wewe mwenyewe umewahi kunisimulia jinsi ulivyochelewa kufunga kwa ajili ya watu kama hao, ukajisifu. Mimi niliondolewa mstarini asubuhi kwa heshima, nikafungiwa nje jioni kwa kukosa mstari. Kama wangenichukia nisingepata hasara kubwa kuliko hiyo.

Masanja, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alisimama juu ya mkokoteni na kamba mkononi. "Zimebaki mbao mbili," akasema. "Mbao mbili tu, afande."

"Usinifundishe kazi."

Waliobaki juu ya jukwaa waliingia mmoja mmoja, wakapiga kura. Nilihesabu watu kumi na mmoja. Kumi na mmoja, na katika muda huo mbao mbili zingefungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Kisha mlango wa chuma ukavutwa, nikasikia komeo.

Nilidhani yameisha. Lakini kabla hatujageuza kiti, mlango ukafunguliwa kidogo, msimamizi akashuka ngazi mbiombio ameficha kitu kiganjani. Kilikuwa kichupa cha wino. Akapiga goti mbele yangu, akanong'ona: "Mama yangu, nipe kidole. Nikupake tu, watu wasije wakakusema hukupiga kura."

Sikuwahi kuogopa hivyo siku nzima. Niliificha mikono yangu chini ya khanga kama mtoto anayekimbia kukatwa kucha. Kijana yule hakuwa mbaya. Alikuwa anatoa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni alama ya kwamba jambo limefanyika.

"Kakifunge kichupa chako, mwanangu," nikamwambia. "Wewe ni mwalimu. Mtoto ambaye hukumruhusu kuingia darasani, unampa cheti?"

"Nisamehe, mama."

"Wewe nimekusamehe. Lakini nenda kaandike kwenye fomu yako kwamba mpiga kura mmoja alifika saa tatu asubuhi na hakuwezeshwa kupiga kura."

Akafikiri. Alifikiri kwa dhati, nilimwona. "Fomu haina sehemu hiyo, mama."

Tukarudi nyumbani. Sasa Masanja alikuwa nyuma yetu, anasukuma mkokoteni wake. Njiani nikamsikia anamwambia mkewe kwa sauti ya chini, lakini kwa kipimo cha mimi kusikia: "Muulize mayu kama nilikosea. Pengine ningembeba tu, angepiga kura yake." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Upendo akaniuliza, ingawa nilishasikia. Nikamjibu: "Mwambie hakukosea. Mwambie yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi ya serikali leo." Magurudumu ya mkokoteni yalisimama kidogo, kisha yakaendelea.

Matokeo yalitangazwa. Mshindi alimzidi mwenzake kwa kura nyingi, kwa hiyo yangu isingebadili chochote, na tayari watu watatu wameniletea hilo kama faraja. Niliwauliza kama mvua ikinyesha vya kutosha wao huacha kunywa maji. Mimi sikuwa na shida ya kumchagulia kata nzima diwani. Nilitaka niingie na changu, nikiweke, nitoke, na asijue mtu.

Sasa nakuja kwako.

Kituo chako ni ile ofisi ya zamani ya ushirika. Nimezipanda ngazi zake miaka mingi nilipokuwa na miguu miwili, na nazikumbuka: ni saba, na kabla yake kuna mtaro unaovukwa kwa gogo. Chaguzi tatu umesimama juu pale ukipokea watu. Mzee Tobiasi mshona viatu, ambaye miguu yake haikukua, anayetembea kwa mikono amevaa ndala viganjani, umewahi kumwona kwenye mstari wako? Niliwahi kukuuliza. Ulinijibu bila hata kufikiri: "Yule hapendi siasa."

Gaudensi, mzee yule anasikiliza taarifa ya habari ya redio asubuhi, mchana na jioni, na akigonga msumari kwenye soli anabishana na mtangazaji. Anajua majina ya mawaziri ambao wewe huwajui. Anapenda siasa kuliko wewe na mimi. Asichokipenda ni kutambaa mbele ya kijiji kizima, na kisha kubebwa na watu watakaosimama nyuma yake akiweka alama. Wewe uliitazama nafasi yake tupu mara tatu, ukaiandikia sababu.

Usiniandikie pole. Usiniambie bajeti haikuletwa. Masanja hakuletewa bajeti. Usiniambie mwongozo haukutaja. Mwongozo hautakuja kuishi kijijini kwenu. Na usinitajie vijana. Vijana wa kubeba ndio jibu la mtu ambaye hajafikiri bado.

Nimeamua hivi. Daftari la wapiga kura litakapofunguliwa kwa marekebisho, nitahamishia jina langu nyumbani, kwenye kituo chako. Nitarudi kuishi katika nyumba ya mama. Nimeshazungumza na Upendo, akalia, kisha akakubali, mradi niondoke baada ya mtoto kuanza kukaa. Siku ya kura nitafika saa moja kamili asubuhi, mimi na yeyote hapo kijijini ambaye mmezoea kusema hapendi siasa, na tutakaa chini ya ngazi zako. Hatutabebwa. Nakupa taarifa mapema, kama nilivyowapa watu wa huku. Tafuta mbao, tafuta jengo lingine, toa meza uilete chini, mimi sijui. Ndiyo kazi uliyoiapia. Ila uwe umejua kabla ya siku hiyo utaniambia nini.

Basi nisalimie nyumbani. Msalimie wifi yangu, mkeo mvumilivu, na umwambie kifua hakitaki moshi wa kuni mbichi, nimesema mimi. Msalimie mama mdogo aliyetulea baada ya msiba, umpelekee na khanga iliyomo kwenye kifurushi hiki. Nyeusi ni yake, ya bluu ni ya mkeo, msije mkabadilisha. Wasalimie wanao, hasa huyo mkubwa anayesomea ualimu, naye umpe barua hii aisome ukishamaliza. Mchungaji mwambie bado naimba sauti ya pili.

Mzee Tobiasi usimpelekee salamu zangu kwa mdomo wa mtu. Nenda mwenyewe mpaka kibandani kwake, ukae chini alipokaa yeye, umwulize kama anataka kupiga kura. Kisha unyamaze, umwache ajibu.

Ni mimi dada yako, ambaye ulizaliwa ukanikuta,

Skolastika